Pipa la Jumatano

Jumamosi kila kitu ni mia tano.
Jumapili kumefungwa.
Jumatatu mia tatu, Jumanne mia,
na Jumatano, kabla lori halijashusha shehena nyingine,
chochote utakachoshika ni hamsini,
kiwe kizima, kiwe kilema.

Ni chini ya ngazi, nyuma ya barabara ya Kirinyaga,
duka lisilo na jina ila mshale wa chaki ukutani
na Abdirizak kwenye kiti cha plastiki.
Mapipa saba ya mbao, marefu kama hori za ng'ombe,
nasi tumeinama pande zote, tunachakura:
chaja zisizo na simu,
rimoti zilizofiwa na televisheni,
saa inayohesabu hatua za mtu
aliyeacha kutembea mwezi wa tatu.

Subira yavuta heri, alisema mama.
Ngoja ngoja huumiza matumbo,
alisema mama huyo huyo.

Jumamosi niliiona: mashine ya kupima presha,
nyeupe, kioo chake hakina hata ufa.
Zahanati walishaniambia nipime kila asubuhi, niandike.
Mia tano nilikuwa nayo.
Ilikuwa ya unga.
Nikatazama kushoto, nikatazama kulia,
nikaizika.
Niliizika vizuri, kwa heshima zote,
pipa la nne, upande wa ukutani,
chini ya kibodi tatu na birika la umeme lisilo na kifuniko.

Siku nne sikupata usingizi.
(Presha, bila shaka, ilipanda.)
Jumatatu nilipita kama mtu anayepita tu,
nikatia mkono, nikaigusa, baridi.
Jumanne nilijikaza, sikwenda.

Jumatano saa moja na nusu niko mlangoni.
Nafukua. Ipo!
Lakini mrija unaishia hewani.
Mkanda wa mkononi hakuna.
Nikapindua pipa la nne lote, nikahamia la tano,
na kwenye la sita nikamkuta mwanamke
mwenye aproni ya saluni, kiwiliwili kizima ndani ya pipa,
akaibuka na mkanda wa kijivu
akiutazama kama aliyevuta kamba kisimani
akakosa ndoo.

Tukatazamana.

"Niliuchomoa Jumamosi asubuhi," alisema,
"nikauficha peke yake,
ili mjanja asije akainunua mashine nzima."
Mjanja nikakohoa.

Kageha, jina lake. Mama mkwe anaanguka anguka.
Tukaenda kwa Abdirizak bega kwa bega, kila mtu na chake.
"Vitu viwili," akasema, "mia moja."
Kimoja, tukasema.
"Macho yangu yanaona viwili."
Kageha akanyosha mkanda, mimi nikanyosha mrija,
ikalia *tiki*,
naye akacheka mpaka kiti kikayumba.
Hamsini. Ishirini na tano, ishirini na tano.

Betri nne, kwa muuza saa wa pale juu,
zilikuwa mia na ishirini.
Hizo hazikutoka kwenye pipa.

Tukakaa kwenye ngazi, watu wakituruka.
Mashine ikavuta pumzi, ikanikaba mkono,
kisha akasema mwanamke ndani yake, kwa Kichina, polepole,
kwa sauti ya mtu anayekuletea habari nyumbani.
Mia sitini na nane kwa mia na mbili.
"Umekimbia," alisema Kageha.
Nimekaa siku nne, nikasema.

Hatujaaminiana bado.
Mkanda unalala saluni kwake, mtaa wa Kariokor.
Mashine inalala kwangu, chini ya kitanda.
Kwa hiyo kila siku kabla ya saa mbili
naipeleka, nimeikumbatia kwa gazeti,
na mama mkwe ananisubiri kwenye kiti cha kusukia,
mkono wa gauni ameshaukunja.
Yule wa ndani akimaliza kusema,
bibi humjibu, "Ahsante, mwanangu,"
halafu hugeuka kuniuliza
amesemaje.